Mpigaji na Utungo: Akina Loriod wa Ufaransa

Katika uhakiki wa muziki wa Ulaya, aghalabu mtunzi hupewa sifa zote, na mpigaji akahesabiwa kuwa tarishi tu, mwenye kufikisha ujumbe asiouandika. Maoni haya hayatoshi. Ushahidi twaupata kwa ndugu wawili wa Ufaransa, Yvonne Loriod (1924-2010) na mdogo wake Jeanne (1928-2001).

Yvonne, mpigaji wa piano, alikuwa mwanafunzi wa Olivier Messiaen huko Paris. Mwaka 1945 alizipiga hadharani, kwa mara ya kwanza, sehemu zote 20 za Vingt regards sur l'Enfant-Jésus, kazi ya muda wa saa mbili hivi. Messiaen mwenyewe alikiri kwamba alithubutu kuandika mambo magumu mno kwa kuwa hapakuwa na lililomshinda Yvonne. Kumbe vidole vya mpigaji vilikwisha kuingia katika utungo kabla ya wino kukauka.

Suala la Jeanne ni zito zaidi. Yeye alipiga ondes Martenot, ala ya umeme iliyobuniwa na Maurice Martenot na kuonyeshwa Paris mwaka 1928. Mkono wa kulia hubonyeza kinanda, au huvuta pete iliyofungwa kwenye utepe. Mkono wa kushoto hukandamiza kitufe kinachotawala nguvu ya sauti. Kitufe kikiachwa, ala ni bubu. Turangalîla-Symphonie ilipopigwa kwa mara ya kwanza, Boston, 1949, Yvonne alikuwa kwenye piano, na Ginette Martenot, dada yake Maurice, kwenye ondes. Baadaye Jeanne aliipiga kazi hiyo kwa miaka mingi, akaandika na mafunzo ya ala yenyewe katika majuzuu matatu.

Yaweza kudaiwa kwamba wengine wamezipiga kazi hizo baada yao. Kwa hiyo mtunzi ni mmoja. Ni kweli, nota ni za Messiaen. Lakini karatasi huagiza tu sauti iwe kubwa au ndogo. Namna ya kuizaa sauti hiyo ni elimu ya kidole, nayo hupokewa kwa mwalimu. Ikikatika, nota zitabaki na muziki utapotea.

Sisi tunaochunguza fasihi simulizi tulikwisha kukataa kumwita mtambaji chombo cha hadithi. Yafaa mizani hiyo hiyo itumike hapa: akina Loriod hawakuwa watunzi wa kazi hizi, wala hawakuwa matarishi. Walikuwa sharti la kuwako kwake.