Watabiri wa Mwezi wa Desemba

Kila mwaka, mwezi wa Desemba uingiapo na mvua za alasiri zipunguapo juu ya vilima vya Kericho na Bomet, magazeti hujaa habari za namna ya pekee. Si habari za mambo yaliyotokea, bali ni za mambo ambayo hayajatokea. Mwandishi huketi akatuambia vazi gani litapendwa mwaka ujao, chombo gani kitabadili maisha yetu, na mwimbaji gani atayateka masikio ya vijana. Ukurasa huo hupendwa mno. Katika chuo cha ualimu ninamofundisha, wanachuo hurudi kutoka likizoni wakiwa nao, umechakaa kwa kupita mikono mingi. Mimi pia nakiri kwamba huusoma kabla ya kurasa nyingine zote.

Lakini kupenda kitu si kukikubali chote. Utabiri wa mwaka ni aina ya maandishi kama zilivyo aina nyingine, nao wastahili kupimwa kama tupimavyo hadithi au tamthilia: kwa lugha yake, kwa shabaha yake, na kwa ukweli wake. Hiyo ndiyo kazi nitakayojaribu kuifanya hapa.

Tuanze na lugha. Msomaji akishika kalamu na kuvipigia mstari vitenzi vya ukurasa huo, ataona kwamba karibu vyote vimebeba alama moja ya wakati ujao, nayo ni -ta-. Rangi fulani itatawala. Simu ya namna fulani itaenea. Mashine zitachukua kazi. Maneno kama huenda, yamkini na pengine, ambayo ni adabu ya mtu anenaye juu ya jambo asilolijua, ni haba kama maji jangwani. Kisha na atazame mtenda ni nani. Rangi hujitawalisha, simu hujieneza, mashine huja zenyewe kama zijavyo mvua. Mtu aliyeamua, aliyenunua, aliyetangaza na aliyeuza hayumo katika sentensi. Sarufi ya namna hii si jambo dogo. Hulifanya tendo la watu lionekane kuwa tendo la majira, na hakuna mtu abishanaye na majira.

Wazee wa nchi hii walijua watabiri wa namna nyingine. Miongoni mwa Wanandi, ambao ni ndugu za Wakipsigis, alikuwapo orkoiyot aliyeitwa Kimnyole arap Turukat. Yasimuliwa kwamba aliona mbele joka litemalo moto na moshi, litokalo kwenye maji ya mashariki kwenda kunywa katika ziwa la magharibi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, lakini Kimnyole hakuiona. Wanandi wenyewe walikuwa wamemwua mnamo mwaka 1890, baada ya maafa kuwaandama na vita alivyovibariki kuwaletea msiba. Sikisifu kitendo hicho, kwa maana kilikuwa hukumu ya kikatili. Walakini chatukumbusha kwamba mtabiri wa kale aliweka maisha yake rehani. Alipokosea, hasara ilimpata yeye pamoja na waliomsikiliza. Mtabiri wa Desemba hukosea, na Desemba ifuatayo huandika tena, wala hapana amwulizaye neno.

Sasa tutazame mavazi. Katika jambo hili, utabiri aghalabu ni agizo lililovikwa joho la utabiri. Tangu ile rangi ya samawati iliyochaguliwa kwa mwaka 2000, kampuni ya Pantone ya Marekani hutangaza rangi ya kila mwaka kabla mwaka wenyewe haujaingia. Ya mwaka 2025 ilikuwa hudhurungi, mithili ya kahawa iliyotiwa chokoleti. Wafumaji, watia rangi na wenye maduka husikia tangazo hilo wote pamoja, nao hutengeneza na kupanga bidhaa zao kwa kulifuata. Rangi ikijaa madukani, mnunuzi hununua iliyopo. Kisha husemwa kwamba utabiri umetimia. Ni sawa na mwenye hoteli atabiriye kwamba wageni wake leo watakula maharagwe, hali hakupika kitu kingine.

Je, agizo hilo latufikia sisi? Watu wengi wa kwetu hununua mitumba. Robota hufunguliwa sokoni baada ya nguo zilizomo kuvaliwa na kuachwa na watu wa nchi za mbali, hata mtindo uliotabiriwa huko hutufikia wakati kwao umekwisha kusahauliwa. Msichana apekuaye lundo la nguo sokoni haitafuti rangi ya mwaka. Hutafuta sweta nene, kwa kuwa nchi ya chai iko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari na asubuhi zake ni za baridi. Akilipata hulipunguza mikono, hubadili vifungo, na kulivaa kwa namna ambayo aliyelishona hakuiwaza. Tena sijapata kuona ukurasa wa Desemba ulitajao vazi la maelfu ya watu wa hapa: buti za mpira, na aproni ya plastiki ifungwayo kiunoni ili umande wa michai usiloweshe nguo. Vazi hilo halitabiriwi kwa kuwa halibadiliki. Nalo halibadiliki kwa kuwa lina kazi. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukurasa wa Desemba hulijua neno kinyemi, lakini kidonda haukitaji.

Katika nyimbo utabiri ni dhaifu zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, alifika katika nchi ya Wakipsigis na vyombo vya kunasia sauti. Wasichana wakamwimbia wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, kama lilivyogeuzwa na ndimi za hapa. Santuri za mtu huyo zilikuwa zimefika katika vilima hivi, ijapokuwa mwenyewe alikufa mwaka 1933. Kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, wasichana walimwazia kuwa ni kiumbe nusu mtu nusu swala. Ni mtabiri gani wa Marekani ambaye, mwimbaji huyo alipozikwa, angaliandika kwamba miaka 17 baadaye jina lake litaimbwa na wasichana walio karibu na mashamba ya chai, kwa sauti na lugha asizozijua? Wimbo huo ungali ukisikilizwa hata leo katika nchi nyingi, na nyimbo nyingi zilizosifiwa kabla ya kuzaliwa zimekufa. Santuri ilikuwa bidhaa iliyotoka mbali, lakini wimbo ulitungwa hapa. Kilichodumu ni kile ambacho watu walikipokea kisha wakakifanya chao.

Mitambo hutufunza somo lilo hilo. Mwaka 1913 Thomas Edison, mvumbuzi mkubwa, alisema kwamba vitabu karibu vitaondoka mashuleni na mahali pake patashikwa na picha za sinema. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mwanafunzi angali anabeba mfuko wa vitabu. Karibu nasi zaidi, huduma ya M-Pesa ilipokuwa ikijaribiwa kabla ya kuanza rasmi mwezi wa Machi 2007, nia ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wakopaji kulipa mikopo midogo. Watu walipoishika, walitumiana fedha wao kwa wao: mwana aliye mjini akampelekea mzazi aliye shambani. Waanzilishi walikuwa na busara. Walitazama watu wanafanya nini, wakaifuata njia hiyo. Basi, ikiwa hata mtengeneza chombo hakujua kwa hakika kitatumiwaje, mwandishi ajuaye chombo hicho kwa kusikia atajuaje?

Pengine msomaji atasema kwamba haya yote ni mchezo wa mwisho wa mwaka, na mchezo haumdhuru mtu. Mimi nilidhani hivyo hata nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu. Mwaka 2011 wataalamu wa utafiti wa chai, ambao kituo chao kiko Kericho, waliwapa wakulima aina mpya ya chai yenye majani ya zambarau. Kazi yao ilikuwa ya miaka mingi na ya kweli. Jani hilo lina dutu ile ile izipayo zabibu nyeusi rangi yake. Lakini nyuma ya wataalamu walikuja waandishi wa utabiri, wakasema kwamba ulimwengu mzima utaacha chai nyeusi na kukimbilia hiyo mpya. Nami nikamsomea baba ukurasa mmoja kwa sauti ya mtu aliyesoma, nikamshauri ang'oe nusu ya michai yake.

Baba alinisikiliza hata mwisho. Kisha akauliza, "Mchai huchukua muda gani kabla ya kuchumwa vizuri?" Nikajibu kwamba ni kiasi cha miaka mitatu. "Nao huishi muda gani?" Nikajibu kwamba hupita umri wa mtu. Akasema, "Mwanangu, mti huu utachumwa na wajukuu zangu. Huyo aliyeandika hayo atakuwa wapi siku hiyo?" Akapanda mistari miwili tu, akaiacha michai ya zamani mahali pake. Miaka iliyofuata wakulima wengi wa chai ya zambarau walilalamika kwamba viwanda vya kuisindika ni vichache na bei waliyoahidiwa hawaioni. Baba hakujua kesho kuliko mwandishi. Alijua tu ni nani atakayelipa kosa likitokea. Usiache mbachao kwa msala upitao: mithali hiyo niliifundisha darasani kabla sijaielewa.

Jambo zito kuliko yote ni mashine za kuchumia chai. Mwaka 2010 wafanyakazi wa mashamba makubwa waligoma kwa ajili yake, na mwezi wa Mei 2023 waandamanaji walizichoma baadhi yake huko Kericho. Wenye mashamba hueleza kwamba gharama ya mikono imepanda kuliko bei ya chai. Wachumaji huuliza watoto wao watakula nini. Kila upande una hoja, na hoja huweza kujadiliwa. Lakini ukurasa wa Desemba hauna hoja, una tangazo. Mwanachuo mmoja, ambaye mama yake alimsomesha kwa kuchuma chai, aliniletea sentensi aliyoisoma humo: mashine zitachukua kazi za mashambani. Akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa limekwisha kuandikwa, mama afanyeje?"

Sikuwa na jibu la kumpa juu ya mama yake. Nilikuwa na chaki na sarufi tu. Nikamwambia aiandike sentensi hiyo ubaoni, kisha aiandike upya akimweka mtenda mahali pake. Alifikiri kitambo, akaandika: wenye mashamba watanunua mashine ili wapunguze gharama ya mishahara. Darasa likanyamaza, halafu mikono ikaanza kuinuka. Watanunua ngapi? Kwa muda gani? Nani ataziendesha, na nani atafundishwa kuziendesha? Mchumaji atakayeachishwa kazi atalipwa nini? Chama cha wafanyakazi kitaulizwa kabla au baada? Hapana hata swali moja katika hayo lililowezekana kuulizwa juu ya sentensi ya kwanza. Ile ya kwanza ilitaka tuinamishe vichwa. Ya pili ilitutaka tuseme.

Sisemi kwamba mwanadamu asitabiri. Mkulima naye hutabiri. Akipogoa michai yake ajua kwamba kwa miezi kadhaa atapata majani machache, naye huweka akiba. Akiona wingu la mvua ya mawe ajua kwamba machipukizi yataharibika. Huo ni utabiri mwema, kwa sababu unaeleza chanzo chake, unajua mpaka wake, na mwenye kuutoa ndiye atakayeumia akikosea. Ubaya haumo katika kutazama mbele, umo katika kutazamisha wengine mbele kwa faida yako.

Kwa hiyo nakupa kazi, kijana msomaji, niliyowapa wanachuo wangu. Desemba ijayo ukate ukurasa huo na kuubandika katika daftari. Kando ya kila sentensi andika maswali matatu: Nani mtenda? Nani atapata faida tukiamini? Nani atalipa ikiwa si kweli? Kisha ungoje miezi 12, uchukue wino mwekundu, usahihishe. Sisi tumefanya hivyo kwa miaka kadhaa. Makosa tumeyaona, na mara chache ukweli pia. Lakini sentensi nyingi tumeziacha bila alama yoyote, kwa kuwa hazikusema jambo lolote linaloweza kuwa kweli wala uongo.

Yule mwanachuo sasa ni mwalimu. Mama yake, alivyoniambia mara ya mwisho tulipoonana, alikuwa angali akienda shambani alfajiri na kikapu chake, lakini alikuwa amekwisha kujiunga na kikundi cha akina mama kiwekacho akiba. Hakuna ukurasa uliotabiri hilo. Aliamua mwenyewe, baada ya mwanawe kurudi nyumbani na maswali.