Sifa ya Mkono Unaojua Kuacha

Leso za Biashara Street, Mombasa, huuzwa kwa doti: vipande viwili vilivyochapwa pamoja, na fundi ndiye anayevikata na kuvipinda. Fundi hodari hufuata pindo na mji wa leso, yaani ukingo na sehemu yake ya katikati, maana chapa ikienda kombo, kukata kwa kufuata rula tu kunaiharibu nguo. Daktari wa kupanga meno namsifu kwa jicho kama hilo. Akimpima kijana wa miaka 12 au 14, haishii kuangalia kama mstari ulio kati ya meno mawili ya mbele, juu na chini, umelingana. Huulinganisha pia na pua, mdomo na kidevu cha kijana huyo.

Mwaka 1999, mtafiti Vincent Kokich na wenzake huko Marekani walionyesha watu picha za tabasamu zilizobadilishwa kidogo kidogo. Mstari wa kati ulipohama milimita 4, wataalamu wa kupanga meno waliona kasoro. Watu wa kawaida hawakuiona. Meno ya mbele yalipoinamishwa kwa milimita 2 tu, hata wasio wataalamu waliona. Basi milimita chache za kuhama si ugonjwa. La muhimu ni chanzo chake. Chonge la utotoni likitoka mapema upande mmoja, meno ya mbele husogea kuelekea pengo. Taya la chini likiteleza kando kila kijana anapouma, dawa yake ianze angali anakua. Na jino husogezwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, takriban milimita 1 kwa mwezi, mfupa ukiliwa mbele yake na kujengwa nyuma yake. Kulazimisha haraka huhatarisha mizizi.

Wako watakaosema huu ni urembo wa wenye pesa. Gharama ni kubwa kweli, ndiyo maana mzazi asitwishwe deni kwa milimita asizoziona mtu. Ila kijana anayeziba mdomo kila anapocheka hadeki, anaumia. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nyaya za kupangia meno zitawapa watoto wote tabasamu moja na kuufuta mwanya, ambao Waswahili huuhesabu kuwa uzuri. Lakini mwanya hukaa papo hapo penye mstari wa kati, na meno mawili yanaweza kuachana yakabaki sawia na uso. Daktari anayemuuliza binti kama anaupenda mwanya wake kabla ya kuuziba ameielewa kazi yake. Ufundi wa namna hiyo, unaorekebisha kinachodhuru na kuheshimu kisichodhuru, haufai kubaki wa wachache. Vijana wa Mombasa wanastahili kuupata hata katika hospitali za umma.