Barabara Iliyokataa Kunyooka

Tenzi na riwaya tunazihakiki; ramani za mipango miji tunawaachia maofisa ardhi. Hasara ni yetu. Mpango Kabambe wa Makao Makuu Dodoma, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, na kukamilika mwaka 1976, una fani kama utungo wowote, na fani hiyo inasema mengi kuliko dibaji yake.

Muktadha haunichukulii muda. Mwaka 1973 chama tawala cha TANU kiliamua makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa kusimamia ujenzi, na wachoraji wakaambiwa, kwa maana halisi, wautie Ujamaa kwenye karatasi kwa rula na penseli. Rula ndiyo hawakuitumia sana.

Tazama mstari. Lúcio Costa aliuchora mji wa Brasília mwaka 1957 kwa mihimili miwili inayokatana. Abuja nayo ina mhimili unaoyavuta macho hadi kwenye mwamba wa Aso. Mstari mnyoofu wa namna hiyo ni kauli ya amri: simama hapa, tazama kule, jione mdogo. Dodoma ya 1976 haina mstari huo. Barabara zake zinafuata miinuko na mabonde ya Ugogo, zikifika kwenye kilima zinazunguka. Ukitafuta pa kupigia gwaride la taifa unaikunja ramani bila kupaona. Wapo watakaouita huo udhaifu. Mimi naona ndipo ufundi ulipo, maana umbo limekataa kumnyenyekea mkubwa kabla hata maneno hayajaanza kuhubiri usawa.

Fani ya pili ni takriri. Nyumba zimepangwa zikiufuata mfumo wa nyumba kumi kumi, makundi yakaungana kuwa mitaa, mitaa ikawa jumuiya yenye shule, zahanati na soko lake, kisha jumuiya nyingine ikaanza upya kwa mpangilio uleule. Huduma hapa hazikubandikwa mwishoni kwenye kipande cha ardhi kilichobaki. Zimekaa katikati, na katikati hapohapo imepitishwa njia ya mabasi peke yake. Magari binafsi yamesukumwa pembeni. Ndiyo kusema mhusika mkuu wa utungo huu ni mtu wa miguu. Mama mwenye mtoto mgongoni ndiye kipimo cha umbali wa zahanati. Dar es Salaam ilikuja kupata njia za mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, miaka 40 baadaye.

Lakini takriri ina ugonjwa wake: humfanya mtunzi aamini kwamba kila kitu kimeshapata mahali. Wahusika wa mpango huu wanatembea, wanasoma, wanatibiwa. Kuuza wanauza pia, ila ndani ya kisanduku kilichoandikwa soko. Biashara zetu lini zikakaa kwenye kisanduku? Mama lishe anamfuata mteja, fundi pancha anaifuata lami, bodaboda wanaweka kijiwe panapokutana njia mbili. Mchoro haukuwapa mstari hata mmoja, nao wamejiandika wenyewe pambizoni, yaani kwenye hifadhi ya barabara.

Na pambizo hilo ndilo lenye lugha ngumu kuliko zote. Kwenye ramani, barabara iliyopo na barabara inayopendekezwa hutofautiana kwa nukta tu: mstari kamili na mstari wa vidoadoa. Macho huzipa uzito mmoja. Mtu ananunua kiwanja kando ya vidoadoa akijihesabu yuko barabarani, anasubiri lami, nywele zinaota mvi. Mwingine ana bahati mbaya zaidi: lami ipo, na mstari umemhama. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Ardhini hakuna jiwe lililosogea. Kwenye maandishi zimeongezeka mita saba na nusu, na sebule ya mtu ikajikuta ndani ya barabara, na ukutani alama ya X nyekundu. Sijui herufi nyingine inayosomwa haraka hivyo na mtu asiyejua kusoma.

Penseli yenyewe haikufutika yote. CDA ilivunjwa mwaka 2017, na Dodoma ikapandishwa kuwa jiji mwaka 2018, lakini bado ina mitaa inayoitwa Area C na Area D, majina yanayosikika kama lebo za rasimu zilizokuwa zikisubiri jina la kudumu. Konda anaziita herufi hizo bila kigugumizi, abiria anagonga bati, anashuka, anakatiza kiwanja cha wazi kwa njia nyembamba ambayo hakuna aliyeichora.