Chaja ya Jozi Iliyonyamazisha Maiki Maneromango

Betri zilikuwa nzuri. Mawe manane ya R6, Ni-MH yale yanayotunza chaji, 2000 mAh, pakiti yake haijafunguliwa: hapo kikundi cha Maneromango kinachopiga spika kwenye shughuli kilichagua sawasawa na sina la kuongeza. Kosa lilikuwa chaja, na nalisema mapema ili tusizungushane. Ile chaja ya jozi haikupaswa kuvuka mlango wa duka pale Maili Moja, Kibaha. Yaliyotokea harusini upande wa Maneromango, Kisarawe, yalianzia kaunta.

Mliokuwepo mnakumbuka. Mjomba wa bibi harusi ameshika maiki, nasaha zimefika penyewe, mara maiki ikakwaruza mara mbili, ikazima. Fundi mitambo akaja mbio, akatia mawe mengine yaliyotoka kwenye chaja ileile usiku uleule. Nayo yakadumu dakika chache tu. Mjomba akamalizia kwa sauti yake mwenyewe, na waliokaa mwisho wa turubai hawakusikia kitu. Tangu siku ile kikundi kimerudi kwenye mawe ya kutupa, na mtaani inasemwa kwamba betri za kuchaji hazina nguvu. Maneno hayo nayapinga kwenye safu hii mwaka hadi mwaka. Inauma kuona yamepata ushahidi, na ushahidi wenyewe si wa kweli.

Turudi kaunta. Muuzaji aliweka chaja mbili juu ya kioo. Zote zina nafasi nne, zote za plastiki nyeusi, ukizitazama kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Moja ina taa nne, kila nafasi na taa yake. Nyingine ina taa mbili, kila taa inasimamia nafasi mbili. Tofauti ya bei haikufika hata bei ya pakiti moja ya mawe manne.

“Maiki yenu inakula mawe mangapi, kaka?” muuzaji akauliza.

“Mawili.”

“Basi hii inakutosha, bosi. Mbili mbili. Ya nini kuongeza hela?”

Mhasibu wa kikundi akahesabu zilizobaki, akachukua yenye taa mbili. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Hoja ya muuzaji ina sura ya akili, na ndiyo maana nataka tuipasue vizuri. Chaja ya jozi, ndiyo hiyo ya taa mbili, huunganisha mawe mawili kwa mfuatano, mkondo mmoja ukapita kwenye yote mawili na kukatwa kwa yote mawili wakati mmoja. Haioni jiwe moja moja, inaona jumla. Kama mawe yale mawili yalinunuliwa pamoja, yakatumika pamoja na kuchoka pamoja, mambo yatakwenda, tena kwa muda mrefu. Mwenye nidhamu ya kuyaandika A na A, B na B kwa kalamu ya wino mzito, asiyatenganishe hata siku moja, anaweza kuishi na chaja ya jozi. Hilo nalikubali.

Lakini nani huku kwetu anaishi hivyo na mawe? Wiki ya harusi ile jiwe moja lilikuwa limechomolewa likatiwa kwenye saa ya ukutani ya ofisi ya kikundi. Saa ya ukutani hunyonya umeme kidogo mno, kwa hiyo jiwe lile lilirudi karibu limejaa. Jingine lilitoka kwenye maiki iliyokesha kwenye maulidi, limekauka. Yakawekwa pamoja kwenye nafasi mbili za taa moja. Zipo chaja za jozi za aina mbili, na kwa jozi kama hiyo zote mbili zinaharibu. Ile inayopima volti itaona lililojaa likitoa ishara ya kushiba na kukata umeme, huku lililokauka likiwa ndiyo kwanza limeanza kula. Ile ya saa maalumu itaendelea mpaka saa zake ziishe, na lililojaa litasukumiwa umeme ambao halina pa kuuweka, umeme ugeuke joto. Taa ikawa ya kijani. Fundi akaamini taa.

Ndani ya maiki kazi ya uharibifu ikaendelea. Mawe mawili yamepangana kwa mfuatano, moja limeshiba, moja lina chaji ya kubabaisha. Lile dhaifu linafika sifuri mapema, lakini mwenzake bado ana nguvu ya kusukuma, kwa hiyo analisukuma lipite chini ya sifuri: upande wake chanya unakuwa hasi. Jiwe la Ni-MH lililogeuzwa hivyo hupoteza uwezo ambao halitaupata tena, na likigeuzwa mara kadhaa ni la kutupa. Kwa hiyo chaja iliyookoa shilingi chache pale Maili Moja ilikwisha kuanza kuua mawe ya bei kubwa kabla bwana harusi hajaingia turubaini.

Fundi simlaumu kwa kuamini vile vipimo vya betri kwenye maiki. Vilitengenezwa kwa mawe ya alkalaini, yanayoanza volti 1.5 na kushuka taratibu kadiri yanavyotumika. Ni-MH haifanyi hivyo. Ikitoka kwenye chaja ina kama 1.4, inashuka upesi hadi karibu 1.2, inakaa hapohapo sehemu kubwa ya safari, halafu inaanguka ghafla. Maiki inaonyesha nusu wakati jiwe limejaa, na inaonyesha nusu hiyohiyo likiwa limebakiza dakika chache. Maiki za bei kubwa zina sehemu ya kuiambia umetia betri ya aina gani. Nyingi za kwenye shughuli zetu hazina. Na tumpe fundi haki yake: spika alizipanga vizuri, hakukuwa na mluzi hata mmoja usiku kucha.

Waliotutangulia walilijua sharti hili la mawe kwenda pamoja, na walikuwa na vifaa duni kuliko vyetu. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya kusikiliza redio vilikaa vijijini nchi nzima, na redio nyingi huko ziliendeshwa kwa mawe makubwa, R20. Kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam kilikuwa kinatengeneza redio na mawe ya National hapahapa nchini. Mwenye redio ile alikuwa na sheria moja: mawe yakiisha, yanatoka yote, yanaingia mapya yote, la zamani halichanganywi na jipya. Mtoto aliyechomoa jiwe moja kwenda kuwashia tochi alikiona cha moto. Leo tuna betri bora mara kumi na tumeiacha sheria hiyo. Desturi yao moja tu sitaki irudi, ile ya kuanika mawe juani. Kwa mawe ya kaboni ilikuwa inasaidia kidogo. Ni-MH ukiianika juani unaiua.

Na betri hizi zina mashujaa wake. Kabla ya Novemba 2005, Ni-MH ilikuwa na aibu moja: ukiichaji leo na kuisahau kabatini, baada ya miezi michache unaikuta imejimaliza yenyewe. Sanyo wa Japani wakaleta eneloop, ambayo baada ya mwaka mzima bila kuguswa ilibaki na asilimia 85 ya chaji. Joto la Pwani hupunguza kiasi hicho, lakini kazi ile ilibadilisha kila kitu, na karibu kila jiwe lililoandikwa “tayari kwa matumizi” limepita njia waliyoifungua wao. Sanyo baadaye ikamezwa na Panasonic, jina la eneloop likabaki. Wahandisi wale hawakukimbilia namba kubwa. Walikimbilia jiwe litakaloamka ukilihitaji, na hadi leo sijaona kizazi cha wahandisi wa betri ndogo kilichofikiri vizuri kuliko wao.

Siku hizi kila pakiti inapiga kelele za mAh. Nimekwisha kulisema hili na nitalirudia: Panasonic wenyewe wanaandika kwamba eneloop ya kawaida, 2000 mAh, inavumilia kuchajiwa hadi mara 2100, na eneloop pro, 2500 mAh, mara 500. Robo ya chaji imeongezeka, zaidi ya robo tatu ya umri imeondoka. Kwa kikundi cha shughuli kinachochaji kila wiki, la 2000 ndilo jiwe lenyewe. Ukiona R6 ya Ni-MH imeandikwa 3300 au 4000, weka chini, haipo duniani. Jiwe la kweli la 2000 mAh lina uzito wa kama gramu 27. Omba mizani kwa sonara kama huna yako, na likiwa chini ya gramu 20 ujue ndani kuna nafasi tupu. Mchezo huohuo uko kwenye mawe makubwa ya kuchaji: mengi ni jiwe dogo lililovishwa gamba la R20.

Kuna haya mapya ya lithiamu yenye volti 1.5 kamili, yanayoandikwa mWh ili namba ipendeze. Gawanya kwa 1.5 upate mAh: 3000 mWh ni 2000 tu. Kwa maiki siyapendekezi, kwa sababu yanashikilia volti ileile hadi mwisho kisha yanakata bila kuaga, yanadai chaja yake maalumu, na kidude cha ndani kinachopunguza volti kinaweza kutia mikwaruzo kwenye redio iliyo karibu. Kwenye tochi au mwanasesere wa mtoto, sawa.

Sasa chaja ipi? Ya kwanza kutazamwa ni hiyo ya kila jiwe na njia yake. Ya pili ni mkondo. Kwa R6 ya 2000 mAh nataka kati ya 500 na 1000 mA. Chaja inayojua kusimama hungoja volti zishuke kidogo sana jiwe linaposhiba, sehemu chache tu za elfu ya volti moja, na mkondo ukiwa hafifu mno ishara hiyo haionekani. Hapo mtengenezaji huweka kikomo cha saa. BQ-CC17 ya Panasonic, kwa mfano, ni ya pole, huchukua kama saa saba kwa R6, lakini huchaji kila jiwe peke yake na mawe hayapati joto. Kwa nyumba ya kawaida inatosha sana. Zile za dakika 15 waachie wasiojali mawe yao.

Chaja za saa tupu, zisizopima chochote, ndizo ninazozikasirikia kuliko zote, na anayeishi Kibaha au Kisarawe ana sababu ya kuzikasirikia kuliko anayeishi Tokyo. Umeme ukikatika, saa yake inafutika. Ukirudi, inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri kana kwamba jiwe halijala kitu. Umeme ukatike mara mbili usiku mmoja, na jiwe lililopaswa kuchajiwa saa kumi linaweza kulishwa mara mbili ya hapo. Asubuhi unalishika, lina moto, unadhani ni dalili ya kushiba. Hali ni hiyohiyo kwa wanaochajia kwenye sola vijijini: wingu likipita, mlango wa USB unayumba, saa inaanza upya. Mwenye sola achukue chaja ya USB inayopima volti za kila jiwe, na akumbuke kwamba mawe manne kwa 500 mA yanataka wati tatu hivi yakiwa yanakula, bado kile kinachopotea njiani. Paneli iliyoandikwa wati 5 itaelemewa. Ya wati 10 itafanya kazi bila shida.

Kwa kikundi cha Maneromango hesabu ni fupi. Maiki mbili ni mawe manne kwa shughuli moja. Shughuli 40 ni mawe 160 ya kutupa, yote yanaishia jalalani au shambani kwa mtu, na pesa yake inazidi kwa mbali ile tofauti ya chaja iliyowashinda. Mawe manane mliyonayo bado yanafaa, isipokuwa huenda yale yaliyogeuzwa, nayo yajaribuni kabla ya kuyatupa. Saa ya ukutani itieni jiwe la kawaida la kutupa, ndiyo mahali pake. Nunueni chaja ya taa nne.

Nanyi wenye maduka Maili Moja na pale stendi ya Kisarawe, acheni kuwaambia watu “mbili mbili”. Fungueni boksi, mwacheni mnunuzi ajaribu. Na wewe unayekwenda kununua, beba jiwe moja mfukoni. Litie peke yake kwenye chaja, umeme ukiwa umewashwa. Taa isipowaka mpaka uongeze la pili, hiyo ni chaja ya jozi. Iache palepale kaunta.