Pale Seli Tatu Zinapokutana

Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulizama katika ghuba ya Gandsfjord, karibu na Stavanger nchini Norwei, ulipokuwa ukishushwa majini kwa majaribio. Hakuna aliyekufa, ila hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 700. Msingi huo ulijengwa kwa seli 24 za zege, na kosa lilijificha mahali padogo sana, pale kuta za seli tatu zinapokutana. Modeli ya kompyuta ilikuwa imezigawa kuta hizo katika vipande vikubwa mno, ikakadiria nguvu za kukata zege pungufu kwa asilimia 47. Ukuta ukasanifiwa mwembamba, na nondo za pale zikawa fupi.

Wapo wanaoona kisa hiki kinatosha kuikana modeli, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwani wasanifu wa msingi wa pili, uliojengwa badala ya ule uliozama, walianza na hesabu za mkono. Lakini wachunguzi walipozigawa kuta zilezile katika vipande vidogo, kwa njia ileile ya hesabu, walipata kwamba zingepasuka kwenye kina cha mita 62. Zilipasuka kwenye mita 65! Njia ilikuwa na uwezo wa kulijua jibu. Kilichopungua ni jicho la kutambua mahali panapodai hesabu ya karibu. Jicho hilo ndilo ufundi ninaousifu.

Leo ufundi huo umepata chombo kipya. Uigaji mmoja wa upepo juu ya bawa la ndege unaweza kula saa nyingi, hivyo wahandisi huendesha uigaji kadhaa, huifunza mashine kwa majibu yake, nayo hukadiria maumbo mengine kufumba na kufumbua. Watu husema mashine hiyo haijui fizikia. Kweli haijui, na ukiiuliza kuhusu umbo lililo mbali na mifano yake, yaweza kukujibu kwa uhakika uleule wa siku zote. Ndiyo maana mhandisi stadi haridhiki na jibu tupu. Huchagua mbinu inayotoa kila kadirio pamoja na kiasi cha shaka yake, akatazama shaka imepanuka wapi, na uigaji mzito unaofuata akaupeleka hapohapo. Akifika kwenye kona ambako mizigo hukutana, huchukua karatasi akakokotoa mwenyewe, ajue jibu litakuwa karibu na ngapi kabla hajaiuliza mashine.