Dhoruba na Rubani katika Wimbo wa Sita wa Os Lusíadas

Os Lusíadas, utenzi mkuu wa Wareno uliotungwa na Luís de Camões na kupigwa chapa mjini Lisbon mwaka 1572, una nyimbo 10. Wimbo wa sita wahusu kipande cha mwisho cha safari ya Vasco da Gama ya kwenda Bara Hindi, yaani kutoka Malindi hadi Calicut, mwaka 1498. Wastahili kuchunguzwa na msomaji wa Afrika ya Mashariki, kwa kuwa rubani aliyeviongoza vyombo hivyo alipatikana Malindi.

Sifa ya kwanza ya wimbo huu ni usahihi wake katika mambo ya bahari. Mtungaji mwenyewe alisafiri hadi Bara Hindi mwaka 1553, na hilo ladhihirika. Mabaharia wa zamu wasimuliana hadithi ili kufukuza usingizi. Ghafula filimbi yalia, kwani wingu jeusi limeonekana. Kabla tanga kuu halijashushwa, upepo walirarua vipande vipande. Chombo chalala ubavu. Wengine watosa shehena, wengine wakimbilia bomba. Chombo cha Paulo da Gama, nduguye Vasco, chavunjika mlingoti katikati. Katika beti hizi hakuna pambo la bure.

Walakini, chanzo cha dhoruba hiyo ni nini? Kwa mujibu wa utenzi, ni Bacchus aliyewachochea miungu ya bahari. Na kilichoituliza ni dua ya da Gama, kisha Venus na wasichana wake waliozilainisha pepo. Majira hayatajwi kuwa sababu. Hali mabaharia wa pwani wajua kwamba mwishoni mwa Aprili pepo za kusi huwa ndiyo kwanza zaanza, na kwamba atakaye kuvuka hana budi kufika kabla hazijakaza mwezi wa Juni. Wareno waling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili. Shajara ya mmoja wa wasafiri yaeleza kwamba walivuka kwa siku 23, na kwamba karibu na nchi kavu mvua kubwa na radi zilimzuia rubani asipatambue mahali walipo. Tarehe 20 Mei aliiona milima, akaijua, akawaambia kuwa ni ya Calicut. Katika shajara, basi, hali mbaya ya hewa yashindwa kwa ujuzi wa mtu.

Camões hakumnyima rubani sifa zote. Mwanzoni mwa wimbo akiri kuwa hana udanganyifu na kwamba aonyesha njia iliyo sawa. Lakini dhoruba ikivuma, rubani hasikiki. Arudi alfajiri, bahari ikiwa imetulia, kuitaja nchi tu, na hapo hapo da Gama apiga magoti kumshukuru Mungu. Tena hana jina. Mwanahistoria João de Barros, aliyeandika mwaka 1552, amwita Malemo Caná, Mwislamu wa Gujarati. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja kuwa neno la kwanza ni cheo: ni malimu, mjuzi wa kuongoza chombo. Dai lililovuma zamani, kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, halikubaliwi tena na wataalamu wengi.

Uthibitisho mkubwa zaidi wapatikana katika wimbo wa kumi. Humo Wareno warejea kwao kwa upepo mwanana na bahari tulivu. Kwa kweli walianza kuvuka mwezi wa Oktoba, pepo za kaskazi hazijashika. Shwari na pepo za mbisho ziliwakalisha baharini karibu miezi mitatu, na watu 30 wakafa kwa ugonjwa wa kuvimba ufizi.

Kwa hiyo dhoruba ya kubuni imewekwa pale ambapo majira yalijulikana, na raha imewekwa pale ambapo majira yalipuuzwa. Ufundi wa beti za wimbo wa sita haupungui kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mwalimu atakayeufundisha bila shajara ile kando yake atawafundisha wanafunzi kumsahau malimu.