Mlima Lupanga wa Mita 23,048

Kilele cha Lupanga, kile kinachouinamia mji wa Morogoro, hutajwa kuwa na mita 2,138. Ipo njia nyepesi ya kukifikisha mita 23,048, Everest ukawa haufiki hata nusu yake: soma faili la vipimo kinyumenyume.

Faili lenyewe ni S07E037, mraba wa nyuzi moja kati ya latitudo 7 na 6 kusini, longitudo 37 na 38 mashariki. Vipimo vyake vilichukuliwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, katika safari ya siku 11. Mstari wa nyuzi 7 umeikata milima ya Uluguru: Lupanga imo humu, kilele kingine, Kimhandu, kimeangukia S08E037. Katika toleo la nukta moja kila mita 90 hivi, kuna mistari 1,201 yenye nukta 1,201, kila nukta baiti mbili. Jumla baiti 2,884,802, basi. Ndani hamna maelezo yoyote. Hata mahali penyewe utapajua kwa jina la faili tu.

Baiti moja haivuki 255. Kwa hiyo 2,138 hugawanywa: 256 mara 8, zinabaki 90. Faili limeandika 8 kisha 90, kubwa ikitangulia, kama tunavyotamka elfu kabla ya mamia. Kompyuta zetu nyingi za mezani, za Intel na jamaa zake, huanza na ndogo. Kwao 90 ndiyo ya kuzidishwa kwa 256. Ongeza 8, mlima umepaa. Si wazimu, lakini. Mtoto akijumlisha huanzia kwenye mamoja, na bahasha huanza na jina la mtu, nchi ikaja mwisho.

Mjini mambo ni mabaya zaidi. Mita 500 ni 1 na 244; ukizigeuza, biti ya juu inawaka, namba inakuwa hasi: mita 3,071 chini ya bahari. Mita 501 inakuwa 2,815 chini. Mita 514, yaani 2 na 2, haibadiliki kabisa, na ole wake anayeijaribu programu yake kwa nukta hiyo.

Hayo yote jicho litayaona. Ninaloliogopa ni jingine. Kwenye miteremko mikali rada ilishindwa kuona, na matoleo ya mwanzo yakaweka -32,768 kumaanisha hakuna kipimo. Baiti zake ni 128 na 0. Zikigeuzwa, zinasomeka 128. Sasa mwandishi wa programu achuje mapengo kabla ya kuzipanga baiti: mapengo yatapita salama yakiwa yamevaa 128, kisha yageuke -32,768 ndani ya wastani wake. Papo hapo, kila nukta ya nyanda za chini yenye mita 128 za kweli itafutwa kama pengo. Ramani itatoka nzuri tu, Lupanga ikiwa na mita zake halali.

Anayetumia maktaba ya NumPy ataandika >i2 wakati wa kufungua faili, kabla ya kuchuja chochote. Hiyo alama ya > ndiyo inayosema kubwa kwanza.